Vidole vya Grâce

— Alikuja, Maman Inspecteur. Vidole vyake vilikubali. Muende muulize mashini, mashini haina ndugu.

Orly alisema hivyo mara nyingine tena, amekaa juu ya kiti cha mbao bila mukaba wala kamba za viatu. Inspecteur Emerance Kaswera alimuacha aseme mupaka mwisho. Mutu wa uongo, ukimurudisha mwanzo, anabadilisha kitu, hata neno moja. Orly hakubadilisha hata moja.

Muda wa kumushika mu cachot, chumba cha mahabusu, ulikuwa unaisha jioni ile. Ikifika jioni, ama anapelekwa parquet, kwa mwendesha mashitaka, kwa kosa la kuua, ama anafunguliwa mulango. Na nje ya mulango, kwenye barabara ya vumbi inayoshuka sokoni, vijana wa Djugu walikuwa wamesimama tangu asubuhi na mawe mikononi.

Mwenye kutafutwa alikuwa Grâce, binti wa kijiji cha Bambu kule Djugu, muosha zahabu. Alikuwa amepatiwa kazi ya nyumbani kwa Waarabu, na Orly, mwenye agence ndogo yenye jina Njia Nyeupe, ndiye alikuwa anamupitishia dossier ya passeport. Grâce alitoka kijijini kuja Bunia kwa ajili ya passeport hiyo, akapotea. Muchumba wake, Aaron, ndiye alileta plainte, mashitaka yake, kwa polisi. Mama yake, Dorcas, alipoitwa alisema maneno machache tu: mutoto alienda Bunia, mutoto hakurudi.

— Viatu vyake vya ibada vilikuwa chini ya kitanda chako, Emerance alisema.

— Aliviacha mwenyewe! Mara ya kwanza vidole vilikataa mu mashini ya alama za passeport. Nikamuambia arudi kwao, apumzishe mikono, kiisha akuje tena. Akasema, basi viatu vikae hapa, njia iko matope. Maman, mwizi wa viatu anaviweka chini ya kitanda yake mwenyewe?

— Sikukuita mwizi wa viatu.

Orly alifuta uso na mukono wa shati.

— Mara ya pili ulimuona na macho yako?

— Hapana. Nilikuwa Ariwara, nilipeleka batu wengine mupaka kule. Akaniandikia mu telefone: mikono imepona. Nikamujibu: enda moja kwa moja kwa Hortense wa mashini, mimi siko. Mangaribi Hortense akanipigia: mutu wako amepita, vidole kumi yote. Njo vile ilikuwa.

— Alikuandikia. Hukusikia sauti yake.

— Aliandika.

— Kwa hiyo, toka ile siku ya viatu, hukumuona na hukumusikia.

Serge, agent kijana aliyekuwa anaandika pembeni ya dirisha, aliitikia kwa kichwa kama mutu anayesikia amina kanisani.

— Afande, huyu amekwisha, Serge alisema walipokuwa kwenye baraza.

— Hajaisha. Muite Aaron. Tunaenda kuuliza mashini.

*

Chumba cha mashini kilikuwa nyuma ya nyumba moja ya matofali. Uani, watu wa vijiji walikuwa wamepanga mustari muzuri kwenye kivuli cha ukuta, kila mutu na mikono yake kama mugonjwa na kidonda chake. Mwanamuke mumoja alikuwa anachovya vidole katika maji ya moto. Muzee wa Mahagi alikuwa anajipakaa mafuta, anakausha kwenye suruali, anajipakaa tena.

— Ufinye, papa! Sauti ya Hortense ilitoka ndani. Si kusukuma. Kufinya. Kama unafinya parachichi uone kama imeiva.

— Niko nafinya, mutoto wangu.

— Haikuone.

— Basi kidole yangu imenikana kama Petro, muzee alisema, na mustari wote ukacheka.

Hortense alikuwa mwanamuke munene mwenye miwani, amefunga kitambaa cha chama cha wamama wa kanisa. Alipoona Emerance, alisimamisha kazi akafunga mulango. Emerance alimuuliza juu ya Grâce, naye hakuhitaji kufikiri sana.

— Batu ba Bambu, mimi nabajua mbele baseme jina. Kidole inakaa juu ya kioo, kioo haione kitu. Muchanga umekula mistari yote, na mercure ya kukamata zahabu imemaliza yenye ilibakia. Yule binti mara ya kwanza tulipigana na mashini mupaka jasho ikatutoka. Hapana. Mara ya pili, iliingia mara moja. Nikasema, asante Yesu.

— Ilikuwa binti yule yule?

— Maman Inspecteur, hapa mi naangalia vidole, sura zinapita kama mustari wa Komunyo Takatifu. Alikuwa na carte d'électeur ya Grâce, ile kadi ya kupigia kura. Unajua picha ya hizi carte zetu, iko kama mutu yuko nyuma ya moshi. Alikuwa binti mwembamba. Alikuwa peke yake. Hakusema mingi.

— Na picha yenye ulikamata siku ile?

— Ilikwenda Kinshasa na vidole. Hapa hakubaki kitu.

Hilo Emerance alikuwa analijua. Alikuwa ameandikia Kinshasa siku ya kwanza ya kesi, na jibu lilikuwa: mungoje. Passeport yenyewe ilikuwa ingali njiani. Ingefika na ndege ya siku za mbele. Lakini jioni ya leo haikuwa na habari ya ndege.

Alifungua mulango, akamuita Aaron. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana, na macho mekundu ya mutu asiyelala.

— Weka kidole pale.

— Mimi? Nimefanya nini mimi?

— Weka.

Aaron aliweka kidole gumba. Kioo kikawaka chekundu. Akaweka tena, akafinya mupaka ukucha ukawa mweupe. Chekundu. Mara ya tatu Hortense alimushika mukono mwenyewe, akamulazia kidole polepole. Chekundu.

— Basi mimi siko mutu? Aaron aliuliza.

— Uko mutu wa Bambu, Hortense alisema.

Kwa hiyo mashini haikuwa ya kukubali kila mutu. Emerance aliangalia pia kitu kingine: Aaron alikuwa amesema alikuwa anaosha muchanga siku zote hizi, kwanza Bambu, kisha Mongbwalu, na vidole vyake vilikuwa vinamushuhudia. Emerance alikuwa amekwisha kumufikiria, sababu kijana huyo hakutaka muchumba wake aondoke. Sasa alimuweka pembeni.

— Hortense, mutu wa muchanga akitaka vidole virudi, anafanya nini?

— Mafuta ni ya kujidanganya. Ngozi inataka muda, na mutu asiguse kazi. Nani wa kule anaweza? Benye nimeona bakipita ni mama mwenye amezaa, mwenye alivunjika mukono, mujane mwenye ametoka mu kilio. Wengine banarudi vile vile.

Emerance alimutoa Aaron uani, kando ya pipa la maji.

— Orly alimuambia Grâce apumzishe mikono. Alipumzisha?

Aaron alicheka bila furaha.

— Kupumzika? Kesho yake tu alikuwa mu maji pamoja na mimi. Nikamuambia, Grâce, mikono. Akasema: na tumbo ya mama, niiambie nayo ipumzike? Nitajaribu tu na ndimu na mafuta, Mungu akipenda kidole itapita. Kiisha mimi nikaenda Mongbwalu kutafuta kidogo, nikakaa. Siku nilirudi, mama yake akaniambia: amekwisha kwenda Bunia. Telefone, hakuna. Nikashuka mupaka huku, nikakuta viatu vyake kwa Orly.

— Mama yake ulimukuta wapi?

— Nyumbani. Kwa maji hakukuwa yeye wala Plamedie, mudogo wa Grâce. Nikasema, huzuni ya mutoto kwenda mbali.

Serge alikuwa anaandika haraka.

— Ndiyo hiyo, afande, alisema walipokuwa wanarudi. Grâce hakupumzisha mikono. Vidole vilivyopita havikuwa vyake. Orly ametafuta binti wa muji mwenye mikono laini, akamupa jina la Grâce. Na mwenye jina alipaswa kuondoka njiani. Sasa tuna sababu yake.

— Inasimama, Emerance alisema.

— Niandike mupeleko wa parquet?

— Andika. Usitume.

*

Dorcas alikuwa amefikia kwa ndugu zake, mutaa wa Bankoko. Walimuleta mchana, pamoja na Plamedie. Vijana wa barabarani walimupishia njia kwa heshima, na mumoja alipaza sauti: Mama, leo tutakulipizia! Dorcas hakugeuka.

Emerance aliagiza chai. Ilikuja katika vikombe vya chuma, inatoa moshi. Aaron, aliyekuwa kwenye baraza, alichukua chake kwa kiganja kizima akanywa amesimama.

— Maman Dorcas, karibu. Dada, kaa. Emerance alionyesha viatu vyeusi vyenye kisigino kifupi juu ya meza. Hivi munavijua?

— Viko vya Grâce.

— Kweli?

— Nilivinunua mwenyewe, siku ya Noeli.

Dorcas hakuvigusa. Emerance alingoja. Katika kazi yake mama wa mutoto aliyepotea anaingia na ulizo moja kinywani, na hata akikaa, hata akipewa maji, ulizo hilo linatangulia: mumemuona? Dorcas alikuwa ameingia, amesalimia, amekaa. Ulizo halikuja.

— Mukunywe, chai inapoa.

Dorcas alishika kikombe, akakiachia mara moja. Akavuta ncha ya kitenge, akakifunga kikombe nayo, ndipo akanywa. Plamedie alifanya vile vile. Hata hakumuangalia mama yake.

Emerance aliangalia kikombe cha Aaron kupitia mulango ulio wazi. Kisha akaangalia ncha za vidole vya Dorcas. Zilikuwa na ngozi mupya, nyekundu-nyekundu, na pembeni yake ngozi ya zamani ilikuwa inabanduka kama ganda la muhogo.

— Munaosha muchanga bado, maman?

— Kila siku. Tutakula nini ingine?

— Hata wiki hii?

— Mupaka siku mulituita.

— Na Plamedie?

— Na yeye.

— Plamedie, nionyeshe mikono.

Binti alimuangalia mama yake. Mama alikuwa anaangalia viatu.

— Mikono tu, mutoto wangu. Sitakupiga.

Plamedie aliifungua juu ya meza. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na mustari wa jasho juu ya mudomo. Vidole vyake vilikuwa safi. Mutu angeweza kuhesabu mistari.

— Serge, Emerance alisema, toka, funga mulango. Mutu asiingie.

Serge alitoka na uso wa mutu aliyenyimwa nyama. Emerance alisogeza kiti chake kutoka nyuma ya meza, akakaa karibu nao, magoti yao karibu kugusana.

— Kama ingekuwa huyu binti peke yake, alisema, ningesema: Orly amemufundisha, apumzishe mikono, achukue jina ya dada yake, wao wawili bamemuficha Grâce. Lakini mikono ya mama imepumzika pia. Mama hatafuti passeport. Nani amekulisha siku hizi zote, maman, ukikaa bila kuosha?

— Watu wa kanisa.

— Watu wa kanisa balinisaidia mimi pia. Lakini baliniuliza kwanza nimefiwa na nani.

Dorcas alifunga tena ncha ya kitenge juu ya kikombe.

— Mimi ni mutu wa Butembo, lakini niliolewa kwa batu benu. Nilikaa kilio ya mama mukwe kule juu. Karai ya kuoshea muchanga iligeuzwa kifudifudi nyuma ya nyumba, na mutu wa nyumba hakuigusa mupaka siku ya kuondoa kilio. Hata njaa ikiingia. Majirani njo banaleta chakula. Nilikuwa kijana, nilitaka kwenda kwa maji, shemeji yangu akanishika mukono, akasema: unataka marehemu atuone vile?

Alisema polepole, sauti ya chini, kama anasoma somo.

— Nywele hamukunyoa, sababu nywele zinaonekana. Kitambaa cheusi hamukuvaa. Moto ya matanga hamukuwasha, batu bangekuja kuuliza. Mulificha yote. Karai tu njo hamukuweza kuishika. Mulisema, mikono, nani anaangalia mikono? Maman Dorcas, nani amekufa kwenu?

Nje, sauti ya pikipiki ilipita, ikapotea.

— Hakuna mutu, Dorcas alisema.

— Dada Grâce, Plamedie alisema.

— Nyamaza!

— Mama, wanajua.

— Nimesema nyamaza! Ulimi yako itatuua mara ya pili.

Lakini Plamedie alikuwa amekwisha kufunika uso, na mabega yake yalikuwa yanatikisika bila sauti, namna mutu anavyotikisika akiwa amejifunza kulia hivyo.

Dorcas aliweka kikombe chini, taratibu, kana kwamba kinaweza kuvunjika.

— Udongo ilianguka, alisema. Asubuhi. Siku ile maji ilikuwa imechafuka, akasema ataingia mu shimo ya zahabu ya mujomba wake, siku moja tu, kiisha atapumzisha mikono kama Orly alisema. Tulimuchimbua na mikono hii. Alikuwa na joto bado. Nilimuita. Nilimuita sana.

— Nani alijua?

— Mimi, huyu, na mujomba. Tulimuzika nyuma ya nyumba, mu migomba, mbele jua itoke. Bila pasta. Bila sanduku. Sikulia. Niliuma kitenge.

— Kwa nini, maman?

Dorcas alimuangalia usoni mara ya kwanza.

— Weye uko na mushahara, utaniuliza kwa nini. Ng'ombe yenye baba yao alituachia iliingia mu dossier ile. Shamba ya chini iliingia. Attestation, carte, safari, yote kwa jina ya Grâce. Mutu akifa, dossier inakufa. Ningekuja kulia kwa Orly, angenirudishia ng'ombe? Nikaona: mumoja iko chini, mumoja iko juu. Bote banatoka mu tumbo moja, urefu moja. Passeport haikuwa ya Grâce, Maman Inspecteur. Ilikuwa ya nyumba.

— Na telefone yake?

— Njo tuliandikia Orly. Kiisha tukazima.

— Aaron akaja.

— Nilifikiri atachoka. Kijana, ataona binti mwingine. Hakuchoka. Alinivuta mupaka kwenu, mbele ya batu yote, anasema: mama, sema! Ningesema nini? Nikasema: alienda Bunia, hakurudi. Si uongo yote. Alienda Bunia.

— Na Orly?

Dorcas alipangusa meza na kiganja, ingawa haikuwa na kitu.

— Nilimuombea. Kila asubuhi, mbele nifungue macho vizuri.

— Ulimuomba Mungu amufungulie, na ufunguo uko mu mukono yako.

— Usinihubirie.

— Sikuhubirii. Vijana banamungojea pale inje na mawe. Banasema ni kwa ajili yako. Ulibaona, ulipita katikati yabo.

— Orly iko mwanaume. Iko na miguu, atakimbia, Dorcas alisema. Huyu wangu atakimbilia wapi? Mu shimo ile ile?

Emerance aliinuka, akachungulia dirishani. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeanza kurefuka uani. Mbele ya cachot, mulinzi alikuwa anamupa Orly maji kupitia mulango wa chuma.

— Maman Inspecteur. Sauti ya Dorcas ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameshuka kutoka kwenye kiti, amepiga magoti juu ya simenti, akasema: Passeport inakuja na ndege ya karibu. Siku chache tu. Muandike kiisha. Acha huyu apande, afike kule, kiisha mimi nitarudi hapa na miguu yangu, mutanifunga kama munataka. Nakuapia kwa damu ya Bwana.

— Inuka, maman.

— Siinuke.

— Nikimufungulia Orly bila kusema Grâce iko wapi, hatafika mwisho wa barabara. Nikimutuma parquet, ataoza kule kwa mutu yenye hakuua. Ni leo. Hakuna siku chache.

— Yeye alitaka kutuuzia inchi ya mbali. Si mutu muzuri.

— Si mutu muzuri. Hakuua mutu.

Ndipo Plamedie aliondoa mikono usoni.

— Mimi sikutaka jina yake, alisema. Mama, nilikuambia. Kule bangeniita Grâce. Nikizaa, bangesema mutoto wa Grâce. Nikifa kule, bangeandika Grâce juu yangu, na yeye iko mu migomba bila kitu. Niliweka kidole pale juu ya kioo, kikakubali mara moja, nikasikia vibaya. Nilitaka kikatae.

— Kimya, mutoto, Dorcas alisema, lakini safari hii alisema polepole.

Emerance alirudi nyuma ya meza, akachukua kalamu.

— Nitaandika Grâce amekufa kwa udongo ya shimo. Nitaandika mahali amezikwa, na mutakuja kunionyesha. Na Kinshasa itapata habari kwamba vidole vile si vyake.

— Ukiandika, passeport imekufa naye.

— Ndiyo.

— Na ng'ombe.

— Ndiyo, maman.

— Na huyu, Dorcas alisema, na kichwa chake kikaelekea kwa Plamedie. Huyu anarudi mu muchanga.

Emerance aliandika jina, akaandika tarehe, akaandika neno amekufa. Kisha akafungua mulango.

— Serge. Chana ile karatasi ya parquet. Umufungulie Orly, umurudishie mukaba wake. Bado asitoke mu uwanja mupaka niseme.

— Lakini afande...

— Grâce alikufa Bambu. Udongo. Orly hakuwa pale.

Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kazi. Lakini mulango ulikuwa wazi, na Dorcas, aliyekuwa angali juu ya magoti, alisikia neno hilo likisemwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Alijilaza. Paji la uso likagusa simenti. Halafu sauti ikatoka.

Ilikuwa sauti iliyofungwa muda murefu. Ilianza chini, kama mutu anayetapika, ikapanda mupaka kwenye mabati. Serge alirudi nyuma akagonga mulango. Kwenye baraza Aaron alikuwa amesimama. Hakuuliza kitu. Mama wa Grâce hangelia hivyo kwa mutu mwingine. Aligeukia ukuta, akaweka paji la uso pale, akabaki hivyo.

Wamama waliokuwa wanauza mihogo na ndizi mbele ya geti waliingia bila kumuomba mulinzi ruhusa. Hawakuwa wanajua ni nani. Waliweka mabeseni chini, wakafunga vitenge kiunoni, wakaja kukaa juu ya simenti kumuzunguka Dorcas, mumoja baada ya mwingine. Mukubwa wao alichukua kichwa chake, akakiweka mapajani.

— Nani, mama? Nani amekufa?

— Mutoto wangu. Mukubwa.

— Ole. Lini?

Dorcas alitaja mwezi. Wamama waliangaliana.

— Na munalia leo?

— Njo leo tunaanza.

— Alizikwa?

— Alizikwa.

— Na nyimbo?

Dorcas alitikisa kichwa: hapana. Yule mama mukubwa hakuongeza ulizo. Alimuvuta Plamedie kwa mukono, akamukalisha chini pamoja na wao. Huko uani mulinzi alikuwa amefungua chuma, na Orly alitoka ameshika mukaba mukononi. Alisimama katika jua, akingoja mutu amutukane. Mbele ya geti vijana walikuwa wamenyamaza, shingo zimegeukia kilio. Hakuna aliyemuangalia.

Yule mama alipangusa koo, akaanzisha wimbo wa kuzika. Wengine waliupokea. Ulikuwa na beti nyingi, na Emerance hakumukatiza mutu.